Nataka kuhudumia watoto wagonjwa: nijaze shahada gani kwenye fomu?

Swali: "Shikamoo daktari. Nimemaliza sekondari mwaka huu. Baiolojia naimudu vizuri, kemia ya wastani, fizikia ndiyo inanitesa. Mwaka jana nilikaa wodini wiki tatu nikimwangalia mdogo wangu aliyeungua mkono kwa maji ya moto, na tangu hapo najua nataka kazi ya kuhudumia watoto wagonjwa. Baba anasema ni udaktari, la sivyo nisahau habari za hospitali. Mimi nawaza uuguzi au saikolojia. Nimetafuta shahada yenye jina la 'afya ya watoto' nikaona chache tu, na sijui kama zina maana. Nijaze nini?"

Marahaba, mwanangu. Pole kwa yaliyompata mdogo wako. Naamini mkono umepona na sasa anakusumbua kama kawaida.

Kabla ya fomu, turudi kwenye zile wiki tatu. Ulikuwa ukimtazama nani? Sikuulizi ulimheshimu nani, nauliza macho yako yalimfuata nani. Yupo daktari aliyepita asubuhi, akafunua kidonda, akaandika, akaenda kitanda cha pili. Yupo muuguzi aliyebadilisha bandeji huku mtoto akilia, akarudi saa nane usiku kuangalia dripu. Yupo aliyekuwa akimnyoosha kiwiko kila siku, ili ngozi mpya isije ikakakamaa na kuufunga mkono. Yupo aliyepanga chakula, maana mwili ulioungua hula protini kama moto unavyokula kuni. Mfamasia huenda hukumwona kabisa. Na pengine alikuwapo mtu aliyekuja na kikaragosi, mtoto akasahau sindano kwa dakika mbili. Wote hao wanahudumia watoto wagonjwa, na hakuna wawili waliosoma shahada moja. Yule uliyekuwa ukimtazama bila kujijua ndiye mwanzo wa jibu lako.

Sasa hilo la jina. Umeona shahada chache za "afya ya watoto" kwa sababu ubobezi wa watoto, karibu kila mahali, huja baada ya shahada ya kwanza. Daktari bingwa wa watoto alianza kwa kusomea udaktari wa watu wote, wazee na wajawazito wakiwamo. Muuguzi wa wodi ya watoto njiti alianza kwa uuguzi wa kawaida. Uingereza ni mfano wa tofauti: huko mwombaji wa uuguzi huchagua tangu mwanzo tawi moja kati ya manne, na uuguzi wa watoto ni mojawapo. Kwingine kwingi unasoma uuguzi, basi. Kwa hiyo usiidharau shahada kwa kuwa haina neno "watoto", wala usiikimbilie nyingine kwa kuwa inalo. Shahada ya makuzi ya mtoto inaweza kuwa tamu mno darasani na isikupe ruhusa ya kumgusa mgonjwa hata mmoja.

Na ruhusa ndiyo ninayotaka uiangalie kuliko kitu kingine chochote. Siku utakapovua joho la mahafali, je, kuna baraza la taaluma litakalokuandikisha na kukupa leseni ya kuhudumia wagonjwa? Uuguzi, udaktari, famasia, na katika nchi nyingi fiziotherapia (tiba ya kunyoosha na kuimarisha viungo) na tiba kazi (ya kumrudishia mgonjwa shughuli zake za kila siku), jibu ni ndiyo, ukishamaliza mafunzo ya vitendo na mtihani wa baraza. Baiolojia, saikolojia, sayansi ya afya kwa ujumla, makuzi ya mtoto: jibu karibu kila mara ni hapana. Hizi ni shahada za kupitia. Zinakufikisha kwenye mlango mwingine, na huko nako kuna foleni, ada na miaka. Si mbaya. Ubaya ni kuzisoma ukidhani umefika.

Hapa wengi hupotezwa na ushauri wa kwenye intaneti. Utasoma kwamba anayetaka kuwa daktari wa watoto asome kwanza baiolojia au kemia. Ushauri huo ni sahihi kwa Marekani, na kwa sehemu kubwa Kanada. Huko udaktari hausomwi moja kwa moja kutoka sekondari: unapata kwanza shahada yoyote, mradi umepita masomo ya lazima ya baiolojia, kemia na fizikia, ndipo unaomba chuo cha udaktari. Nchini Marekani ni miaka 4 ya shahada ya kwanza, 4 ya udaktari, 3 ya ubobezi wa watoto, na kwa anayetaka kubobea zaidi kwenye moyo au watoto wachanga, mingine 3. Hesabu mwenyewe. Lakini nchi nyingi duniani hupokea wanafunzi wa udaktari moja kwa moja, kwa miaka 5 au 6, kisha mafunzo tarajali, kisha ubobezi. Ukiwa kwenye nchi ya namna hiyo halafu ukaenda kusoma baiolojia "ili uje kuwa daktari", umezunguka mlima ambao ulikuwa na njia ya katikati. Nimewahi kukaa na kijana mwenye shahada ya baiolojia ya daraja la kwanza aliyeligundua hilo akiwa mwaka wa tatu. Hakuwa na kosa lolote, alisoma tu ushauri ulioandikwa kwa ajili ya watu wengine.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa yeyote anayekushauri, mimi nikiwamo, ni hili: huo ni mfumo wa nchi gani?

Nimjibu baba yako kidogo, naye si mjinga. Anachokiona ni kwamba udaktari una mlango mpana, na ni kweli. Ila anaamini kwamba wanaobadilisha maisha ya watoto wagonjwa ni madaktari wa watoto peke yao, na hapo historia haimuungi mkono. Mtoto akizaliwa leo, karibu popote, hupewa alama katika dakika ya kwanza na ya tano: mapigo ya moyo, upumuaji, ukakamavu wa misuli, mwitikio, na rangi ya mwili, kila kipengele 0 hadi 2, jumla 10. Kipimo hicho alikibuni Virginia Apgar mwaka 1952. Shahada yake ya kwanza ilikuwa ya zuolojia. Alisomea udaktari, akaanza upasuaji, akaishia kuwa bingwa wa usingizi. Hakuwa daktari wa watoto. Alikuwa amesimama chumba cha kuzalia akiwatazama watoto ambao wenzake walikuwa hawawatazami, kwa kuwa macho yote yalikuwa kwa mama.

Mwambie na hili. Zile wiki tatu ulizokaa kando ya kitanda, miaka ya 1940 usingekaa. Hospitali nyingi za Uingereza, na si huko tu, ziliruhusu wazazi kumwona mtoto kwa saa chache tu kwa wiki, kwa imani kwamba kuja kwao kunamliza. Aliyeitikisa imani hiyo ni James Robertson, mtu wa ustawi wa jamii aliyekuwa akichunguza watoto wanaotenganishwa na wazazi. Mwaka 1952 alionyesha filamu ya mtoto wa miaka miwili akiwa hospitalini peke yake, akinywea siku baada ya siku. Madaktari wengi walikasirika. Mwaka 1959 ripoti ya serikali ya Uingereza ikapendekeza wazazi waruhusiwe kumwona mtoto muda wowote. Hakuna dawa iliyobadilika hapo, na faida yake wewe umeionja.

Sasa uuguzi, ambao naona umeutaja kwanza, na nadhani hukuutaja kwanza kwa bahati mbaya. Hakuna anayekaa na mtoto mgonjwa muda mrefu kama muuguzi. Na kazi yenyewe si ile ya "kumsaidia daktari" ambayo baba yako labda anaiona kichwani. Muuguzi wa watoto ndiye anayeona kwanza kwamba hali imegeuka, kwa sababu mtoto hasemi, na mwili wake unavumilia kwa muda kisha unaporomoka ghafla. Chukua jambo dogo kama kuhesabu pumzi. Kichanga wa chini ya miezi miwili huhesabiwa anapumua haraka akifika mara 60 kwa dakika. Wa miezi 2 hadi 11 ni 50. Wa mwaka 1 hadi 5 ni 40. Pumzi zilezile 45 kwa mtoto wa miaka mitatu ni dalili ya hatari, na kwa wa wiki mbili ni za kawaida kabisa. Mtu anayehesabu kwa dakika nzima, mkono ukiwa kwenye saa na macho kwenye kifua, anaokoa mtoto kabla kipimo chochote hakijarudi kutoka maabara.

Ila nikupe na chungu yake. Ukimaliza shahada ya uuguzi unaweza kupangiwa wodi ya upasuaji ya wanaume, ukakaa huko mwaka au miwili. Katika mafunzo, wodi ya watoto ni sehemu ndogo tu. Wapo waliokata tamaa hapo. Wanaofika ni wale wanaouchukua muda huo kama wa kukomaza mkono, maana mshipa wa mtu mzima ukikushinda, wa kichanga hutauona kabisa, kisha wanaomba uhamisho kila dirisha linapofunguka, na wanasomea ubobezi.

Saikolojia naipenda, na ndiyo maana nataka ukae ukijua. Katika nchi nyingi shahada ya kwanza ya saikolojia haikuruhusu kutibu mtu. Inahitaji uzamili wa saikolojia tiba, na kwingine uzamivu, pamoja na saa nyingi za kufanya kazi chini ya msimamizi. Ukiwa na mtu wa kukusomesha miaka hiyo yote, na ukiwa unavutwa na kinachoendelea kichwani kwa mtoto kuliko kinachoendelea mwilini, nenda. Kama huna, soma kwanza shahada yenye leseni, ufanye kazi, saikolojia uje uisome kwenye uzamili. Nenda ukaulize vyuo vyenyewe masharti, kwa sababu baadhi hutaka shahada ya kwanza iwe ya saikolojia na baadhi hukubali kozi chache za kuziba pengo.

Yule wa kikaragosi, kama alikuwapo, huenda ni wa taaluma iliyokulia Marekani, kwa Kiingereza "child life", ya kumwandaa mtoto kwa michezo na maelezo ili aweze kuvumilia matibabu. Huko wana cheti chao: shahada ya kwanza yenye masomo maalumu, mafunzo ya vitendo yasiyopungua saa 600, kisha mtihani. Ni kazi ya maana sana. Lakini katika nchi nyingi cheo hicho hakipo kwenye orodha ya ajira, na kazi hiyo hufanywa na muuguzi, mtu wa ustawi wa jamii au mwalimu wa hospitali anayejitolea. Usiisomee kabla hujaona kwa macho yako tangazo la kazi lenye jina lake.

Halafu kuna wale ambao hukuwataja hata kidogo, na kwa mtu mwenye alama zako naona ndiko kuliko na nafasi nzuri.

Mtaalamu wa matamshi na lugha, kwa mfano. Watu hudhani anafundisha watoto kuongea. Anafanya hivyo, lakini wodini ndiye pia anayempima mtoto njiti kama anaweza kunyonya, kupumua na kumeza kwa mpangilio bila maziwa kwenda mapafuni. Ndiye atakayekaa na mtoto mwenye mdomo sungura baada ya upasuaji, mwenye usonji, mwenye mtindio wa ubongo. Jirani yake ni mtaalamu wa usikivu. Huko wanafuata kalenda inayonivutia kwa ukali wake: mtoto apimwe masikio kabla ya kutimiza mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na huduma ianze kabla ya miezi 6. Kwa nini haraka hivyo? Kwa sababu ubongo unajenga lugha kwa kile unachosikia au kuona katika miaka ile ya mwanzo, na muda uliopita haurudishwi kwa bei yoyote. Tahadhari kwako: taaluma ya usikivu ina fizikia ya sauti ndani yake, haikwepeki.

Tiba kazi ni ya kumrudishia mtoto uwezo wa kufanya mambo ya siku: kushika kijiko, kufunga kifungo, kuandika, kucheza. Mdogo wako mwenye mkono ulioungua alimhitaji mtu huyu, kama alibahatika kumpata. Fiziotherapia ni ndugu yake, na ina wenzo na nguvu za fizikia, ingawa ni fizikia ya mwili ambayo wengi huielewa kuliko ile ya ubaoni. Angalia tena mfumo wa nchi: Marekani mtaalamu mpya wa fiziotherapia anatakiwa kuwa na shahada ya udaktari wa taaluma hiyo, na wa matamshi anatakiwa kuwa na uzamili, lakini katika nchi nyingine nyingi shahada ya kwanza inatosha kupata leseni.

Lishe sitairefusha. Ukijua kwamba utepe unaozungushwa kwenye mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59, ukisoma chini ya sentimita 11.5, unatangaza utapiamlo mkali unaoweza kumuua, utaelewa kwamba si kazi ya kupanga sahani.

Famasia naiweka hapa kwa sababu ya kemia yako ya wastani, na ili usidhani kemia ni ya kufaulu mtihani tu. Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa ukubwa. Miaka ya 1950 watoto wachanga walipewa kloramfenikoli, dawa ya kuua bakteria iliyokuwa ikiwasaidia wakubwa. Wakaanza kulegea, matumbo yakavimba, ngozi ikageuka rangi ya majivu, wengi wakafa. Ilipofika 1959 sababu ilikuwa imeanza kuandikwa: ini la kichanga lilikuwa bado halijakomaa kuivunja dawa ile, ikajilimbikiza mwilini. Tangu hapo anayehudumia watoto anajua kwamba umri wa ini ni sehemu ya dozi. Na dozi yenyewe hupigwa kwa miligramu kwa kila kilo. Ukiweka nukta ya desimali mahali pasipo pake, umempa mtoto wa kilo 3 dawa mara kumi. Kwa hiyo uchague lolote, hesabu ya uwiano na nukta usiiache. Fizikia tunaweza kuizunguka, hiyo hatuizunguki.

Kama hasira yako ilikuwa tofauti kabisa, kwamba ulikaa wodini ukijiuliza kwa nini maji ya moto yanamfikia mtoto kila siku na hakuna anayefanya kitu, basi wewe ni mtu wa afya ya jamii. Mwaka 2022 watoto wapatao milioni 4.9 walikufa duniani kabla ya kutimiza miaka mitano, na milioni 2.3 kati yao hawakuvuka siku 28 za kwanza. Sehemu kubwa ya vifo hivyo huzuilika kwa mambo tunayoyajua tayari, na mengi yake hayafanyikii kitandani. Ila swali lako halikunisikikia hivyo. Ulisema "kuhudumia".

Kuna jambo ambalo wanafunzi hawapendi nikilisema. "Napenda watoto" haitoshi, na wakati mwingine ndiyo inayowatoa kazini. Utamshika mtoto anayekuomba kwa jina lako umwachie, na hutamwachia, kwa sababu dawa lazima iingie. Zaidi ya nusu ya mazungumzo yako yatakuwa na wazazi: waliochoka, wenye hofu, wanaokugombeza kwa kuwa hawana mwingine wa kumgombeza. Na wapo watakaokufa mikononi mwako. Wewe umekaa kwenye kusafishwa kidonda cha moto, kwa hiyo hunisomi kama hadithi. Ulipokuwa ukisikia kile kilio, ulitoka nje, au ulibaki ukitazama mikono ya muuguzi inafanyaje? Kutoka nje si aibu. Wanaotoka nje hufanya kazi nzuri sana maabara na famasia.

Kwa hayo uliyoniambia, mimi ningejaza uuguzi chaguo la kwanza. Kama alama zako zinaruhusu udaktari na mfumo wa nchi yako unaingiza moja kwa moja, mpe baba nafasi: ombeni vyote viwili, na mkubaliane mapema nani ataamua majibu yakirudi. Fizikia itakubana kwenye kuingia kuliko ndani. Ukiwa ndani ya chuo cha udaktari haikusumbui sana, ila vyuo vingi haviangalii hayo, vinaangalia alama.

Kabla hujatuma, piga simu chuoni uulize mambo manne na usikubali kujibiwa kwa kijitabu. Je, programu hii ina ithibati ya baraza la taaluma kwa mwaka huu, si mwaka uliopita? Mwanafunzi anakaa wodi ya watoto wiki ngapi, na ni hospitali gani? Mhitimu anaruhusiwa kuomba uzamili gani wa watoto? Na waliomaliza miaka miwili iliyopita wako wapi? Hilo la mwisho wakishindwa kulijibu, tafuta mwenyewe mhitimu mmoja, umnunulie soda, umsikilize.

Chaguo la pili usijaze saikolojia. Jaza tiba kazi au matamshi na lugha, kile ambacho nchini kwako kinatoa leseni kwa shahada ya kwanza. Uuguzi ukikataa, hapo bado utakuwa wodini, kando ya kitanda, na mtoto mwenye mkono ulioungua akijifunza upya kushika kijiko.